Ndege Waliporudishiwa Kisiwa Chao

Kisiwa hakina jina kwa wanaokaa juu yake. Jina ni la wale wanaokitazama kutoka mbali, kama vile uso wako ni wa wale wanaokuona, si wako wewe uliye nyuma yake. Watu wa pale walisema Kisiwa tu, na mahali pengine pote walipaita Nje, kana kwamba dunia yote iliyobaki ilikuwa ua wa nyumba yao.

Na katika miaka hiyo Kisiwa kilikuwa kimepoteza asubuhi. Jua lilichomoza, hilo halikukoma, lakini kuchomoza kwa jua si asubuhi. Asubuhi ni kuitwa. Zamani watu wale walikuwa wakiitwa na ninga, njiwa wa kijani wa msituni, walioanza kulia mikuyuni kabla anga halijapata rangi. Mtu akisikia mlio ule alijua kwamba siku imeanza, na kwamba yeye ndiye yule yule aliyelala jana. Kisha meli moja ikavunjika mwambani. Panya wakaogelea hadi ufukoni, wakapanda mikuyu, wakala mayai. Nyuma ya panya wakaja kunguru ambao hakuna aliyewaalika. Mbuzi nao, walioletwa ili watu wapate maziwa, wakala kila chipukizi, hata msitu ukabaki na wazee wasio na watoto. Ninga wakapungua, wakawa wa kusimuliwa, mwisho hata masimulizi yao yakakosa msikilizaji.

Bila ninga, siku ziliingiliana kama maji ya vyungu viwili. Mtu aliweza kuamka Ijumaa akamkuta jirani yake bado yuko Jumatano, wakasalimiana kwa adabu juu ya ua, kila mmoja akaenda na siku yake. Mzee mmoja alikuwa kijana kwa masika mazima, akaposa, akakataliwa, akarudia uzee wake bila kinyongo. Majina yalilegea kama meno. Ukiita Makame waligeuka watatu, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Hakuna aliyeteseka sana. Asiyejua alipoanzia hana cha kumdai mwenzake, na katika utata ule hakuna aliyemuuliza mwenziwe ametoka wapi, kwani hata aliyeulizwa angeweza kuwa mtu mwingine kabla ya kujibu.

Mwanamvua peke yake ndiye aliyeanza kuogopa.

Aliamka siku moja akiwa mama yake marehemu, Bi Zaituni. Alishinda hivyo mpaka jioni, akisuka ukili kwa mikono isiyo yake, mikono yenye haraka kuliko aliyoizoea. Shaame alipopita mlangoni alimwamkia kwa heshima anayopewa mzazi, naye akaitikia marahaba. Jioni mama yule akaondoka ndani yake taratibu, kama maji yanavyotoka pwani, na Mwanamvua akabaki amekaa kitako na ukili mapajani, akijiuliza swali lililomkosesha raha tangu hapo. Nikirudi, ni nani anayerudi? Kama kila siku naondoka na kurudi bila wa kunihesabu, nitajuaje siku ambayo sitarudi mimi?

Swali lile alimpelekea Shaame, maana hakuwa na mwingine wa kumpelekea. Shaame alikuwa ndugu yake wa kunyonya. Mama yake Shaame alifariki katika kumzaa, mtoto akachukuliwa na kupelekwa kwa jirani, Bi Zaituni, aliyekuwa na Mwanamvua mchanga kifuani. Bi Zaituni alimpa kila mmoja ziwa lake, na hadi anakufa alikuwa akisema kwa mzaha kwamba Shaame ndiye aliyenyakua lile lenye maziwa mengi. Walikua wakilala jamvi moja. Mwanamvua hakumwita kwa jina hata walipokuwa watu wazima. Alimwita ndugu yangu, mbele ya watu na mbele ya mkewe.

Shaame alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na wengi walimpenda kwa hilo bila kuuliza alichokuwa akifanya na yale aliyoyasikia. Akasema waende Jabali.

Jabali ni mwamba wenye kichaka kichwani, uliotengwa na Kisiwa kwa mkono mwembamba wa bahari ambao maji yakitoka sana huvukika kwa miguu. Walivuka wakiwa wamekunja nguo magotini. Walipofika chini ya kichaka Mwanamvua akamshika mkono nduguye wasimame, kwa sababu juu ya vichwa vyao kitu kililia, sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo na kuukumbuka wote. Palikuwa na ninga. Si wengi, lakini walikuwepo, rangi yao ni ya majani kiasi kwamba mtu aliona mtikisiko kabla hajamwona ndege.

Mwanamvua alilia. Akasema, "Hawakufa."

Shaame akasema, "Walituacha."

Yalikuwa maneno mawili tu, moja la kila mmoja, na tayari yalikuwa njia mbili, ingawa siku ile walirudi kwa njia moja, wakicheka, maji yakiwafuata nyuma.

Watu waliitwa wakakusanyika, na Mwanamvua aliwaeleza anachokitaka kwa ufasaha ambao hakujua kwamba anao. Alisema kwamba walichopoteza si ndege, wamepoteza kuitwa. Alisema ninga hawezi kurudi mahali ambapo yai lake ni chakula cha mtu mwingine. Kwa hiyo panya watoke, kunguru watoke, mbuzi watoke, mikuyu ipandwe, na kila gunia linaloingia kutoka Nje lifunguliwe pwani mbele ya watu. Wengine walikubali kwa sababu walimwelewa, wengine kwa sababu siku ile walikuwa ni watu wengine, lakini walikubali wote, na kazi ikaanza.

Ilikuwa kazi nzuri. Ni lazima isemwe hivyo, kwa sababu yaliyokuja baadaye yanaweza kumfanya mtu adhani ilikuwa mbaya tangu shina. Watu waliotofautiana siku walikutana katika kazi. Wanaume walisuka mitego ya mabua na kuizungusha msituni. Wanawake waliatika miche ya mikuyu ndani ya vifuu na kuinywesha maji ya kuoshea mchele. Viota vya kunguru viliangushwa kwa miti mirefu, na kunguru wenyewe, ambao si wajinga, wakaelewa kwamba hawatakiwi, wakahamia Nje kwa kelele nyingi. Panya walipungua hata mtego ukawa unalala mtupu, na mtego mtupu ukawa sababu ya watu kupongezana.

Mbuzi ndio waliokuwa kazi ngumu, na ugumu wao ulikuwa Bi Mgeni.

Bi Mgeni alikuwa mwanamke mgomvi, mwembamba, mwenye mbuzi wengi kuliko yeyote. Jina lake lilikuwa kichekesho cha wazazi wake, waliomzaa siku nyumba ilipojaa wageni, kwani ukoo wake ndio uliochimba kisima cha kwanza pale Kisiwani. Hakupinga baraza. Aliacha tu kuleta mbuzi wake pwani siku iliyopangwa, na Mwanamvua akaenda kwake mwenyewe. Alimkuta amekaa mlangoni, amemkumbatia beberu mweupe shingoni kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.

"Huyu kazaliwa hapa," Bi Mgeni alisema. "Mama yake kazaliwa hapa. Unampeleka kwao, kwao ni wapi?"

Mwanamvua alikuwa amechoka, na alikuwa na haki upande wake. Mtu aliyechoka ambaye ana haki husema maneno makali kuliko aliyekosa. Akamjibu, "Kuzaliwa hapa si kuwa wa hapa, Bi Mgeni."

Bi Mgeni alimwangalia kwa muda, kisha akamwachia beberu. Siku mbuzi walipopakiwa alifuata chombo ndani ya maji mpaka kiunoni, akiwaita mmoja mmoja kwa majina, nao walimjibu. Tangu siku ile hakumsalimia Mwanamvua. Na lile jibu, lililokuwa kali, fupi na tamu kinywani, likapendwa na watu. Walilirudia kwenye mitego na kwenye miche. Watoto wakalifanya wimbo wa kuruka kamba.

Ninga waliletwa kutoka Jabali ndani ya matenga, jozi kwa jozi, wakawekwa kwenye vizimba vikubwa vya nyavu chini ya mikuyu, wakalishwa tini pori mpaka wakanenepa na kuacha kujigonga. Walipofunguliwa waliruka moja kwa moja kurudi Jabali. Watu walirudi majumbani. Mwanamvua aliketi chini ya mkuyu kwa siku ambazo kwake zilikuwa nyingi na kwa wengine labda zilikuwa moja, akawaza kwamba pengine mtu anaweza kutengeneza mlango vizuri mno na bado asiingie mtu.

Ninga wakarudi wenyewe, matunda yalipoiva.

Na asubuhi moja, kabla anga halijapata rangi, ninga mmoja alilia, na Kisiwa kizima kikaamka kwa pamoja.

Hakuna aliyewahi kuisahau asubuhi ile. Kila mtu aliamka akiwa yeye. Waliokuwa wakiishi katika siku tofauti walikutana wote katika Jumapili moja, wakatoka nje, wakatazamana. Palikuwa na furaha. Watu walishikana nyuso. Palikuwa na kilio pia, maana wajane walikumbuka kwamba ni wajane, na yule mzee wa masika akatambua kwamba hatakuwa kijana tena. Mwanamvua alisimama mlangoni kwake akijisikia ameenea mwilini mpaka kwenye ncha za vidole. Shaame alikuja mbio, akamkumbatia, akamwambia kwamba watu watalitaja jina lake mpaka mwisho wa majina.

Lakini aliyerudishiwa jina lake hurudishiwa na jina la mwenzake. Kadiri ninga walivyozidi, kumbukumbu zilipata mpaka. Mtu alijua shamba lake linapoishia. Alijua babu yake alizikwa wapi, na akagundua kwamba babu wa jirani hakuzikwa popote pale Kisiwani. Swali ambalo halikuulizwa kwa miaka likaanza kuulizwa kwa upole, kisimani, kwenye harusi: wewe ni wa nani vile? Mwanamvua alilisikia, akalipenda. Alidhani ni swali lake lile lile, la nani anayerudi. Hakutambua kwamba swali moja likiulizwa na mtu peke yake ni hekima, na likiulizwa na watu wengi kwa mtu mmoja ni mtego.

Watu wakataka mlinzi wa yale waliyoyapata, wakamchagua Shaame kuwa Sheha, mkuu wa Kisiwa. Mwanamvua ndiye aliyempendekeza.

Ubaya ulionekana kwenye maganda. Mwanamvua aliyaokota chini ya mkuyu, maganda ya yai la ninga yaliyotafunwa ukingoni, si kupasuliwa na kifaranga. Alizunguka msitu wote akayaona mahali pengine, na pengine. Akafuata alama, akichungulia kwenye mizizi na kwenye kuta, mpaka alama zikamfikisha mahali ambapo hakutaka zimfikishe. Ghalani kwa Shaame, nyuma ya magunia ya mchele uliobaki kwenye harusi ya binti yake, alikuta mavi ya panya, mabichi, na gunia lililotobolewa kutoka ndani.

Magunia yale hayakufunguliwa pwani. Alikumbuka sasa. Chombo kilichelewa, wageni walikuwa wamekwisha kufika, wapishi walikuwa na sufuria motoni, na Sheha akasema yapitishwe tu, ni ya kwake, anayajua. Watu walicheka wakayapitisha begani.

Hakupiga kelele. Alimsubiri Shaame atoke msikitini, akamchukua kando, akamwambia alichokiona. Shaame hakukana. Aliinamisha kichwa, akalia kwa namna ambayo Mwanamvua aliijua tangu utotoni, bila sauti, mabega tu. Alisema ni haraka tu iliyomponza. Alisema watu wakisikia kutoka kwa mwingine watamvua usheha na heshima ya binti yake itaharibika katika nyumba mpya. Akaomba aachiwe aseme mwenyewe, barazani, kwa maneno yake.

"Ni haki yako kusema mwenyewe," Mwanamvua alimwambia. "Mimi nitakaa karibu nawe, ndugu yangu."

Akarudi kwake moyo mweupe, akaanza kusuka mitego mipya. Hivyo ndivyo alivyompa Shaame muda. Na muda ni kama shoka: umpaye ndiye anayejua atakata nini.

Baraza lilikaa adhuhuri, uwanjani, jua likiwa limesimama wima na vivuli vya watu vimejificha chini ya miguu yao. Mwanamvua aliketi mstari wa mbele, karibu, kama alivyoahidi. Shaame alisimama. Hakuanza na panya. Alianza na meli.

Alisimulia ile meli iliyovunjika mwambani, wakati wengi wao hawajazaliwa. Alisema ugonjwa hautibiwi kwenye ngozi. Alisema panya wamerudi, na watu wakaguna, na akainua mkono kwa upole wakanyamaza. Kama panya wamerudi, alisema, ni kwa sababu kazi iliachwa nusu. Kilichoingia na meli ile kilitolewa, lakini si chote. Pale ndipo Mwanamvua alipoanza kuhisi baridi miguuni, ingawa hajaelewa bado, kwa sababu mwili huelewa usaliti kabla ya akili. Shaame akawakumbusha kwamba meli ile ilikuwa na watu. Mmoja wao alitolewa majini akiwa hai, msichana asiyejua lugha, akapewa nyumba, akaolewa, akaitwa Zaituni kwa sababu jina lake la kwao lilishindikana kutamkwa.

Mwanamvua alilijua hilo, kama mtu anavyojua kovu lililo mgongoni mwake. Watu walikuwa wamelisahau pamoja, na sasa ninga walikuwa wamewarudishia.

"Tulikubaliana sote kwamba kuzaliwa hapa si kuwa wa hapa," Shaame alisema. "Maneno haya si yangu. Ni ya dada yangu, na ni ya kweli. Hatuwezi kuyashika kwa mbuzi tukayaachia kwa watu."

Aliyasema hayo akitazama juu ya vichwa, kwenye mikuyu.

Mwanamvua alisimama. Alisema, "Magunia ya mchele wa harusi hayakufunguliwa pwani. Panya wametoka humo. Nimeona ghalani mwa Shaame, naye anajua kwamba nimeona, na aliniomba aseme mwenyewe."

Palepale alisoma kila kitu machoni mwao. Walimwamini. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko mengine yote baadaye, alipokuwa akilirudia kichwani. Waliobeba magunia yale walikuwepo, walitazama mikono yao. Waliopika walikuwepo. Na wote, mpaka watoto, walikula wali ule, wakausifu. Kulihukumu gunia kulikuwa ni kuzihukumu sahani zao. Kumhukumu yeye hakukumgusa yeyote ila yeye. Alizipitia nyuso moja moja, akitafuta ambayo ingejifungua, na nyuso zikawa zinafanana zaidi na zaidi, mpaka akaona uso mmoja tu uliorudiwa uwanjani mara nyingi, mtulivu, wenye huruma, uliokwisha kuamua.

Ndani yake maneno yalivunjika vipande.

Nani wa hapa? Mchanga? Mchanga uliletwa na maji. Mnazi? Ulielea. Mwamba wenyewe ni mifupa ya vijidudu vya bahari vilivyokufa vikitafuta pa kushika. Kisima? Mvua ya Nje. Ninga? Ninga wa kwanza alifika hapa akiwa amechoka, upepo umempoteza, akatua kwa sababu hakuweza kuendelea. Nani alimpokea? Mkuyu. Mkuyu ulitoka wapi? Tumboni mwa ndege mwingine. Hakuna wa hapa. Kuna waliotangulia, na kuna waliotangulia ambao wana Sheha.

Nilisema. Ni kweli nilisema. Nilimwambia mwanamke aliyemkumbatia mnyama wake. Nilidhani neno ni kisu ukikishika mpini. Neno halina mpini.

Ndipo aliyesimama akawa Bi Mgeni, nyuma kabisa, kwa shida, akishika bega la mtu.

"Mimi ndiye ninayeitwa Mgeni, na hakuna aliyewahi kuniambia niondoke," alisema. "Huyu alinitolea mbuzi wangu. Sijamsamehe, wala leo simsamehe. Lakini kama anatoka kwa sababu ya meli, basi mtoeni na Sheha. Maziwa ya meli ile ndiyo yaliyomlea."

Mmoja alicheka, wawili watatu wakamfuata, kicheko cha watu wanaotaka kitu kiwe mzaha. Aliyekuwa karibu naye akamkalisha kwa upole, akisema uchungu wa mbuzi umemwingia kichwani. Shaame hakucheka. Mkono wake ulipanda kifuani, ukashuka tena.

Hawakumfukuza. Neno hilo halikutumika. Walisema atapumzishwa Nje, kwa heshima zote, kwa ajili ya usalama wa ninga, ambao hata yeye asingetaka wadhurike. Walimshukuru. Mzungumzaji mmoja baada ya mwingine alisimama kumshukuru, wengine kwa machozi ya kweli. Mikuyu yote iliyopandwa ingeitwa Msitu wa Mwanamvua, na mwaka hadi mwaka watu wangekwenda pale kumwombea. Jina lake lingebaki. Ni yeye tu ambaye angeondoka.

Asubuhi ya safari ninga walilia kama kawaida. Mwanamvua aliwasikiliza akiwa amekaa juu ya sanduku lake pwani, akajaribu kuwachukia, akashindwa. Walilia kwa sababu kulikuwa kunakucha. Alitamani, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, zile siku za maji ya vyungu viwili, ambapo angeweza kuamka akiwa mtu mwingine, mtu yeyote, hata mmoja wa wale waliomshukuru.

Shaame alikuja peke yake. Alisimama kando ya sanduku kwa muda, akizungumza habari za upepo na za nahodha. Kisha akauliza alichokijia. Makinda yanaanguka. Karibu kila siku wanaokota kinda chini ya mti, na wala hayakuguswa na panya. Hakuna anayejua sababu. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba moto kwenye nyumba aliyoitukana.

Mwanamvua alijua sababu. Alitazama bahari, na kwa kitambo yote yakawa mikononi mwake: angeweza kunyamaza, na msitu wenye jina lake ungerudia kimya msimu kwa msimu, na asubuhi zingechanika tena, na Shaame angeamka siku moja asijue kwamba ni Sheha. Lilikuwa jambo rahisi. Lilihitaji tu kutofungua mdomo.

Akamwambia. Ninga hujenga kwa vijiti vichache, hategemei kiota, hutegemea msongamano wa matawi; na wao wamepogoa mikuyu ili wageni wa Sheha wawaone ndege vizuri. Waache kupogoa. Wafunge mabati kwenye mashina, panya wasipande, na mitego irudishwe kwenye mizizi ya upande wa magharibi, kwani huko ndiko walikokimbilia. Alimweleza yote kwa utaratibu, bila kuficha, akarudia sehemu ya mabati kwa sababu aliona hajaishika sawasawa. Makinda hayakuwepo barazani.

"Ahsante, dada," Shaame alisema.

Akabaki amesimama. Alikuwa akingoja kitu, na Mwanamvua alijua ni kitu gani, kwa sababu alikuwa amempa kila siku ya maisha yao bila kuombwa. Uso wa Shaame ulikuwa mtupu kama wa mtoto aliyenyoosha mikono.

"Haya, Sheha," Mwanamvua akamwambia, akainuka kubeba sanduku lake.

Nje hakukuwa na ndege wa kumwita mtu. Palikuwa na bandari, na nyuma yake mitaa iliyobanana, na asubuhi ya huko ilifanywa na watu wenyewe kwa kelele zao: matoroli, maji yakimwagwa vizingitini, redio zikishindana, mwanamke akimgombeza mwanawe kwa majina yake yote. Mwanamvua alitembea katikati yake akijiandaa kujibu. Alikuwa amepanga maneno ndani ya chombo, njia nzima: ni wa nani, ametoka wapi, kwa nini yuko peke yake. Hakuna aliyeuliza. Watu walimpisha, walimsukuma, walimwomba radhi, walipita.

Chumba alikipata uani kwa mwanamke mmoja mnene aliyeitwa Bi Hidaya, ambaye alikuwa akikaanga mandazi na hakuwa na nafasi ya kumtazama vizuri. Alimwonyesha mlango kwa kijiko, akamwonyesha bafu, akamwonyesha kamba ya kuanikia nguo. Kisha akageuka, akafuta jasho kwa kiwiko, akamuuliza swali moja tu.

"Umekula?"

Mwanamvua alisema amekula. Hakuwa amekula tangu atoke. Lakini alikuwa amejifunza kwamba kila ulichopokea kwa mtu kinaweza kusimama siku moja uwanjani na kukushuhudia, na aliona afadhali njaa, ambayo haina mashahidi.

Bi Hidaya hakubishana. Aliweka mandazi kwenye kisahani, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akaviacha kwenye kigoda nje ya chumba, akarudi kwenye moto wake akimpa mgongo.

Chai ilitoa moshi, kisha ikapunguza. Ndani ya nyumba mtu aliimba, akakosea, akaanza upya. Mwanamvua alikitazama kisahani kile kama anavyotazamwa mnyama asiyejulikana kama anauma. Kisha akakisogelea. Alikula akiwa amesimama, karibu na mlango, na mkono mwingine hakuuondoa kwenye sanduku.